Spika ya Nyuma Chumbani kwa Mama

Sogea unisikilize kidogo, na kama hapo ulipo kuna runinga inayojisemea peke yake, ipunguze kwanza. Nitakayokueleza ni mambo ya spika, na mambo ya spika hayasimuliki vizuri yakiwa na mshindani. Usiogope. Hata kama hujawahi kugusa kitufe cha mipangilio maishani mwako, tutakwenda polepole, na ukiachwa nyuma nitakusubiri. Nafundisha fizikia katika sekondari moja ya Nachingwea. Kusubiri ni nusu ya kazi yangu.

Mdogo wangu wa kike ameolewa Ruangwa mjini. Mumewe ni mtumishi wa serikali, mtu wa Kanda ya Ziwa aliyeletwa huku kikazi. Mwaka wa mkasa huu mama yetu alikuwa akikaa kwao. Kwake hasa ni Narung'ombe, ana mikorosho yake na kishamba cha ufuta, lakini macho yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. Tulikuwa tumeambiwa madaktari wa macho watakuja Ruangwa, wataanza Jumanne, na watawapasua waliokwisha kuandikishwa. Mama alikuwa ameandikishwa. Kilichobaki kwetu ni kazi nyepesi tu: Jumanne ikifika, mama awepo mjini.

Ijumaa kabla ya Jumanne hiyo, mdogo wangu akanipigia simu.

"Dada, mama anaondoka kesho."

"Anakwenda wapi?"

"Narung'ombe. Ameshaita bodaboda ya huko kwao, inamfuata saa nane mchana. Anasema anakwenda kuvuna ufuta."

"Ufuta si ulishavunwa?"

"Ukavunwa, ukauzwa. Nimemwambia hivyo hivyo. Kasema basi anakwenda kuangalia pale ulipokuwa."

Nilicheka kidogo tu. Mtu anayekwenda kuangalia ufuta ulipokuwa ana jambo jingine moyoni. Na kama angeondoka Jumamosi, nilimjua mama yangu: Jumanne ingemkuta Narung'ombe, na madaktari wangepasua macho ya watu wengine wakaenda zao.

"Mmegombana?"

"Na nani? Hapa analelewa kama yai. Wiki iliyopita shemejio kamfungia mpaka spika chumbani kwake, asikilize tamthilia akiwa kitandani."

Hapo ndipo nilipoanza kusikiliza kwa masikio ya kazi. "Spika gani?"

"Mimi nitajuaje, dada? Moja katika zile tano."

Kesho yake asubuhi niliwasha pikipiki yangu nikaelekea Ruangwa.

Kabla sijafika, nikueleze jambo moja la kwetu, maana bila hilo hutaelewa spika ilifikaje chumbani. Huku mama mkwe na mkwewe hawakai sebule moja. Wakikutana njiani mmoja anapisha. Hawatazamani usoni wala hawarushiani maneno. Mmoja akiwa na la kumwambia mwenzake, humtuma mtu wa katikati. Si uadui, ni heshima, na siku hizi wengi wetu tumeilegeza kidogo ili maisha yaende. Lakini shemeji yangu si wa huku. Heshima hii aliifundishwa ukubwani, na mtu aliyefundishwa heshima ukubwani huizidisha, asije akaonekana hakuelewa. Akisikia kikohozi cha mama uani, anaingia ndani. Akimkuta ukumbini, anageuka kuutazama ukuta kama mtu anayekagua rangi.

Shemeji huyo alikuwa amenunua vitu viwili kwa mpigo. Kimoja ni kisanduku kidogo, kama mche wa sabuni uliokatwa nusu, kinachochomekwa kwenye runinga na kuleta filamu kwa intaneti. Cha pili ni sabufa kubwa: boksi zito la besi lenye spika tano ndogo. Tatu zinakaa mbele, yaani kushoto, kati na kulia. Mbili zinakaa nyuma ya makochi, ndiyo maana zinakuja na waya mrefu kuliko wenzake.

Mwanzoni mama alikuwa akitandika mkeka ukumbini, mlango wa sebule ukiwa wazi nusu, na kufuata tamthilia kwa masikio. Picha haikumsumbua, maana hata angekaa mbele yake asingeiona. Alikuwa akiyajua majina yote, nani kamdhulumu nani, na mtoto ni wa nani kweli. Kisha shemeji akaona aibu. Mama mkwe chini ukumbini, na yeye kwenye kochi! Akatafuta spika ambayo waya wake ungefika hadi chumba cha mama. Ilifika moja tu, ya nyuma kushoto. Akaing'oa, akapitisha waya juu ya mlango kwa misumari midogo, akaiweka kwenye meza ya kitanda. Mdogo wangu akatumwa kupeleka salamu: mkweo anasema hii ni yako.

Nilipofika, nilimkuta mama amekaa kitandani, begi liko miguuni, kanga zimekunjwa juu yake. Nilimsalimu, nikakaa. Nikamwuliza habari za ufuta.

"Mwalimu," akasema, akiniita hivyo najua ametaka tuzungumze kama watu wazima. "Mimi si mtoto. Kama mkwe wangu hataki nisikie mambo ya sebuleni, angetuma mtu aniambie. Ningekwenda kukaa jikoni."

"Kwani husikii? Si amekuletea spika?"

"Nasikia."

"Unasikia nini?"

"Mvua."

Nikasubiri.

"Siku ya kwanza mvua. Siku ya pili mvua na mbwa. Juzi akapita farasi, akaenda, akarudi. Wao huko wanacheka, wanasema 'Ala! Kumbe ndiye aliyemwua!', mimi huku nimekaa na farasi. Nani kaua nani, sijui. Nimeshinda wiki nzima na mvua ya watu."

"Kwa nini hukurudi ukumbini?"

Akanitazama, yaani akaelekeza uso iliko sauti yangu. "Mtu kakupa zawadi, wewe unaichukua unarudi kukaa sakafuni palepale alipokutoa? Huko si kumtukana?"

Unaona fundo lilivyokaza. Mama hawezi kusema zawadi ni mbovu. Shemeji hawezi kuuliza kama zawadi imempendeza. Mdogo wangu, mtu wa katikati, kila akiuliza anajibiwa "Namshukuru sana mkwe wangu." Njia pekee iliyobaki yenye heshima ilikuwa ufuta.

Nilikwenda sebuleni. Shemeji alisimama haraka. "Shemeji karibu. Mama anasemaje? Nimekosea wapi? Kama ni chakula, tubadilishe. Kama ni godoro, leo leo nakwenda dukani."

"Chakula hakina neno. Ni spika."

"Spika? Lakini ni mpya! Kampuni ileile, mtindo uleule!"

"Spika haina kosa. Ila umempa mvua peke yake."

Nikamweleza, na nikueleze na wewe. Fikiria umekaa katikati ya hafla ya harusi. Mbele yako kabisa amesimama mshereheshaji na kipaza sauti. Maneno yote yanatoka kwake. Kushoto na kulia kwake kuna muziki. Nyuma yako kuna watoto wanaokimbia, sufuria zinazogongana, na pikipiki zinazopita barabarani. Sauti ya kuzunguka imepangwa hivyohivyo. Kisanduku kinatuma njia tano za sauti, kila spika na yake. Maneno ya watu mengi yanapelekwa spika ya kati. Spika za nyuma zinapewa mvua, upepo, mbwa na farasi, ili anayekaa kwenye kochi ajione yumo ndani ya hadithi. Ukikaa katikati, raha tupu. Lakini ukichukua spika moja ya nyuma ukaipeleka chumba kingine, umemkalisha mtu nyuma ya hafla, kwenye masufuria, na ukamfungia mlango.

Shemeji aliketi taratibu. "Wiki nzima?"

"Wiki nzima."

"Na mimi nilikuwa naongeza sauti ili naye afaidi!"

Saa ilikuwa tano na nusu. Uzuri wa kisanduku cha intaneti ni kwamba hungoji saa ya tamthilia. Sehemu yoyote unaiita unapoitaka, mradi bando lipo. Tukaiita ile ya farasi. Shemeji akashika rimoti mbili, mdogo wangu akakaa na mama chumbani, mimi nikasimama ukumbini katikati kupeleka habari huku na huku.

Nilianza kwa kosa, na nakusimulia ili wewe usilirudie. Nilidhani tukiongeza nguvu ya spika ya nyuma peke yake, maneno machache yanayovuja huko yatasikika. Nikamwambia shemeji aingie kwenye viwango vya spika na kuipandisha ile ya nyuma kushoto hadi mwisho.

"Mama, sasa je?" nikauliza.

"Sasa ni masika," akajibu. "Mwambie apunguze, nitaezuliwa paa."

Sauti isiyokuwemo kwenye waya haipatikani kwa kuongeza nguvu. Nalifundisha jambo hilo kila mwaka kwa kidato cha pili, na bado nililisahau nikiwa nimesimama kati ya mama na mkwewe. Tukairudisha ilipokuwa.

Hatua ya pili tuliianzia kwenye chanzo. Tukafungua mipangilio ya kisanduku, tukaingia sehemu ya sauti, tukakuta palipoandikwa habari za sauti ya kuzunguka. Kulikuwa na machaguo matatu: kisanduku kijiamulie, kitume njia tano, au kitume stirio, yaani njia mbili tu, kushoto na kulia, zenye kila kitu ndani yake, maneno, mvua na farasi vikiwa vimechanganywa. Tukachagua stirio. Sebuleni maneno yakaja wazi kabisa. Shemeji akanionyesha kidole gumba, meno yote nje.

"Mama?"

Kimya.

"Mama, unasikia nini?"

"Kumekufa," akasema mama. "Hata farasi hayupo."

Mdogo wangu alikuwa anacheka, nikamsikia akijifunika mdomo kwa kanga. Shemeji alikunja uso kama mtu aliyeangusha sahani ya watu. Lakini kimya kile kwangu kilikuwa habari njema, maana kilinionyesha kazi iliyobaki iko wapi. Kisanduku sasa kinatuma njia mbili. Sabufa nayo, ikipokea mbili, inazigawa kwa spika mbili za mbele na kuzipumzisha nyingine. Kwa hiyo chanzo kiko sawa, aliyebaki ni mgawaji.

Wakati tunatafuta kitufe, pikipiki ikaunguruma nje. Bodaboda ya Narung'ombe ilikuwa imewahi. Dereva wake, mtu mzima anayejuana na mama tangu zamani, akapiga hodi uani.

"Bibi, nimefika! Tuondoke mapema, kuna abiria mwingine ananisubiri Mbekenyera."

Nikasikia mama anainuka. Nikasikia kamba ya begi.

"Shemeji, rimoti ya sabufa," nikasema. "Tafuta kitufe cha mtindo wa sauti. Kibonyeze, ngoja kidogo, kibonyeze tena. Usikimbie. Kila mtindo usikilize kwanza."

Akabonyeza. Sauti ikawa kama iko kisimani. Akabonyeza tena. Ikawa besi tupu, vikombe vya kabatini vikalia. Akabonyeza mara ya tatu, na kwenye kioo kidogo cha sabufa pakatokea alama ya spika tano zote zimewaka pamoja. Sebuleni sikuona tofauti kubwa. Ila chumbani kwa mama, mwanamke mmoja akasema kwa sauti kamili, kana kwamba amekaa pale pale kitandani: "Mtoto huyu si wako, na hajawahi kuwa wako!"

Kamba ya begi ikanyamaza.

Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kuuliza, lakini shemeji aliniwahi. Sidhani alijua anachofanya. Alikuwa ameshika rimoti kwa mikono miwili, amesahau heshima yote aliyofundishwa, akapaza sauti kupita ukumbini na kupita mlango:

"Mama! Unasikia?"

Katika miaka yote ya ndoa ile, hakuwa amemwambia mama hata neno moja bila mtu wa katikati. Mdogo wangu akatoa kichwa mlangoni, macho yamemtoka. Shemeji mwenyewe alijishika kinywa.

Kutoka chumbani mama akajibu:

"Nasikia, mwanangu! Ongeza kidogo, huyu mwanamume ananong'ona!"

Akaongeza.

"Hapo hapo! Usiguse tena!"

Dereva wa bodaboda bado alikuwa uani. "Bibi, tunakwenda?"

"Tunakwenda wapi?" mama akamwuliza kupitia dirishani. "Ufuta ulishavunwa. Nenda kamchukue abiria wako wa Mbekenyera. Au ngoja, unywe chai kwanza. Na kama una nafasi, sogea hapa dirishani usikilize, maana huyu mama mtu ni mwongo toka sehemu ya nne."

Akanywa chai, akasikiliza. Aliondoka akiwa na maswali mawili ambayo mama aliahidi kumjibu kwa simu.

Tulipokaa kula, chakula cha shemeji sebuleni na chetu chumbani kwa mama kama desturi, shemeji alimtuma mdogo wangu kwangu na swali. Alikuwa na filamu moja aipendayo ambayo helikopta inatokea nyuma ya kichwa, inapita juu, inakwenda kutua mbele. Sasa spika zote zinasema kitu kimoja. Je, helikopta yake ndiyo imekwisha?

Nikamjibu haijakwisha. Siku ya helikopta ataingia kwenye mipangilio ya kisanduku arudishe njia tano, arudishe na mtindo wa mwanzo wa sabufa na spika ya nyuma sebuleni, kisha akimaliza arejeshe vyote kama vilivyo sasa. Mama alisikia, akasema kwa sauti ya kutosha kupita ukuta:

"Mwambie aniarifu siku hiyo, nitakwenda kutembelea majirani. Sitaki tena vitu vinavyoruka bila maneno."

Kicheko cha shemeji kilitoka sebuleni, na mama naye akacheka, kila mmoja upande wake wa ukuta.

Jumanne mama alikuwa wa tatu kwenye foleni. Walianza na jicho la kulia. Bandeji ilipotolewa alitutazama mmoja mmoja kwa muda mrefu, akamwambia mdogo wangu amenenepa, akaniambia mimi nimechoka. Wiki iliyofuata, shemeji akiwa kazini, mama alikaa sebuleni na mdogo wangu, na kwa mara ya kwanza akaiona tamthilia yake. Alimtafuta yule mwanamume anayenong'ona, ambaye kwa sauti yake mama alikuwa amemsamehe makosa yote. Akaonyeshwa.

"Huyu?" akasema. "Sauti ile, na uso huu?"

Jioni alirudi chumbani kwake kusikiliza. Anasema huko mwanamume yule bado ni mzuri.

Basi na wewe, kama nyumbani kwenu mmegawana spika vyumba, fanya hivi leo. Fungua mipangilio ya kisanduku, ingia kwenye sauti, chagua stirio. Chukua rimoti ya sabufa, bonyeza kitufe cha mtindo wa sauti polepole mpaka spika zote ziwake pamoja. Cheza sehemu yenye watu wanaozungumza, acha rimoti sebuleni, nenda ukakae karibu na spika iliyo mbali kuliko zote, na usikilize dakika nzima. Ukisikia maneno, umemaliza; ukisikia mvua tu, rudi ubonyeze tena.